Matembezi ya Ziwa Ngosi

Matembezi ya Ziwa Ngosi ni safari fupi ya miguu ya kupanda ukingo wa kasoko ya volkeno katika Milima ya Poroto, Mkoa wa Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania. Jina la ziwa huandikwa pia Ngozi. Safari huchukua siku moja, haihitaji kamba wala ujuzi wa kupanda miamba, na hufaa kuwa mlima wa kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kupanda mlima. Ziwa lenyewe linaheshimiwa na wenyeji kama mahali patakatifu, na heshima hiyo ni sehemu ya maandalizi sawa na viatu na maji ya kunywa.

Makala hii inamfikiria hasa msafiri anayetoka tambarare za Kyela na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa mfano kata ya Katumba Songwe, kwa kuwa ndiye anayebadilisha mwinuko na hali ya hewa kuliko wengine. Anayetoka Mbeya mjini atageuza tu mwelekeo wa barabara.

Ziwa na mlima wake

Ngosi ni ziwa la kasoko. Limejaa ndani ya shimo kubwa lililobaki baada ya volkeno kulipuka na sehemu yake ya juu kuporomoka. Shimo hilo lina upana wa kilomita 3 hivi. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5, upana wa kilomita 1.6 na kina cha mita 74 hivi. Kuta zinazolizunguka ni mwinamo mkali uliofunikwa na msitu, na mahali pengine zinasimama karibu mita 300 juu ya maji. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo ina mita 2,620 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mto unaotoka ziwani.

Jina Ngosi ni la Kisafwa na maana yake ni "kubwa". Wasafwa ndio wenyeji wa Poroto, na Wanyakyusa wanakaa kusini mwao, kuanzia miteremko ya Mlima Rungwe hadi Kyela.

Volkeno hii ni moja ya zile za eneo la Rungwe, mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Wanajiolojia wanakadiria kwamba mlipuko wa mwisho wa Ngosi ulitokea mnamo mwaka 1450, ambapo majivu na gesi za moto vilishuka upande wa kusini kwa umbali wa kilomita 10 hivi. Jirani yake Kyejo alimwaga lava mnamo mwaka 1800, na tukio hilo lilibaki katika kumbukumbu za wazee. Hizi ni volkeno zilizolala, hazijafa. Joto lililo chini ya Ngosi ndilo linaloifanya serikali kulitafiti eneo hili kwa ajili ya umeme wa jotoardhi.

Msitu wa ukingoni umehifadhiwa kama sehemu ya Hifadhi ya Msitu ya Poroto. Humo kuna mianzi, migomba mwitu yenye majani makubwa kuliko ya shambani, mbega weusi kwa weupe, na kinyonga mwenye pembe tatu ambaye makao yake duniani ni milima ya eneo hili tu. Mtu mwenye papara hupita chini ya kinyonga huyo bila kumwona.

Utakatifu wa ziwa

Masimulizi kuhusu Ngosi ni mengi na hayafanani. Wapo wanaosema ndani ya maji mna joka kubwa lenye uwezo wa kulificha ziwa na kubadili rangi yake. Kweli ziwa hujificha: ukungu unaweza kulifunika dakika tano baada ya mgeni kufika, na rangi ya maji hubadilika kutoka kijani hadi buluu kwa kufuata mawingu. Masimulizi mengine yanadai kwamba ziwa lilikuwa mahali pengine, likahamia juu ya mlima baada ya watu kulitupia jiwe la moto. Wengine huyatumia maji yake kama dawa, hubeba chupa na kushuka nayo.

Imani hizi zisichukuliwe kama vioja vya kuchekesha watalii. Kusini ya Poroto, katika nchi ya Wanyakyusa, mahali pa juu, mapango na vichaka vya miti mirefu vilikuwa ndipo jamii nzima ilipokwenda kuomba mvua na afya. Mashuhuri zaidi palikuwa Lubaga, karibu na Tukuyu, alipoishi Lwembe, mtawala aliyeheshimiwa kama mwenye nguvu za uzazi na mvua. Pwani ya Ziwa Nyasa palikuwa na makao ya Kyala, jina ambalo baadaye wamisionari na Wakristo wa Kinyakyusa walilitumia kumtaja Mungu. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika habari za ibada hizo kwa kirefu. Kwa hiyo mtu wa Kyela anapopanda kwenda ziwa la juu, hafanyi jambo geni kwa mababu zake. Tofauti ni kwamba wao hawakwenda kutembea.

Kwa vitendo, heshima hiyo ina sura chache. Kundi linalopanda lipitie kijijini na kusalimu kabla ya kuingia msituni, si kupita moja kwa moja kama linapita sokoni. Kwa Mnyakyusa, kumsalimu mkubwa "mugonile" na kushukuru kwa "ndaga" hufungua milango mingi. Mzee akimwita mgeni pembeni na kumwambia kwamba leo sehemu fulani isifikiwe, mgeni akubali bila kudai maelezo. Kelele, muziki wa spika, kutupa mawe ziwani na kukojoa karibu na maji huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Picha za watu wanaosali au wanaochota maji zipigwe kwa ruhusa yao tu.

Kuhusu dawa, ni vyema kusema wazi. Uchunguzi wa maji ya Ngosi umeonyesha kwamba yanachangiwa na maji ya moto yenye chumvi yanayopanda kutoka chini ya ardhi. Si maji ya kunywa. Mgonjwa anayepanda kwa imani yake asiache vidonge vyake vya presha, sukari au virusi vya UKIMWI nyumbani, na aonane na mganga wa zahanati kabla ya kuondoka, kwa sababu mteremko wenyewe ni kazi nzito kwa moyo.

Kwa nini linafaa kwa wanaoanza

Maziwa matakatifu ya milimani yapo sehemu nyingi duniani, na mengi ni magumu kuyafikia. Gosaikunda la Nepal, ambalo mahujaji Wahindu huliendea kila Agosti, liko mita 4,380 juu ya usawa wa bahari. Huko mtu anayepanda haraka anaweza kupata uvimbe wa mapafu au ubongo na kufa, hivyo safari lazima igawanywe kwa siku kadhaa ili mwili uzoee. Ngosi iko chini sana kuliko hapo. Madhara ya mwinuko huanza kuonekana kwa baadhi ya watu kwenye mita 2,500 hivi, na anayekaa ukingoni saa moja kisha akashuka kwa kawaida hapati zaidi ya kuhema na kichwa kuuma kidogo.

Hata hivyo, mtu wa Katumba Songwe asijidanganye. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Ngosi uko zaidi ya mita 2,000 juu yake. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000, hivyo aliyeondoka Kyela akiwa na nyuzi 27 anaweza kukuta nyuzi 13 juu, na upepo na unyevu huifanya ionekane baridi zaidi. Wengi wanaoumia Ngosi kwa baridi ni watu wa ziwani waliovaa kama wanaenda mnadani.

Msimu

Eneo hili ni kati ya yale yenye mvua nyingi kabisa Tanzania. Tukuyu na Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi mizito ni Machi hadi Mei. Wakati huo njia ya msituni hugeuka kuwa utelezi mtupu, na mtu anayeanza aahirishe safari. Juni na Julai ni makavu zaidi lakini baridi kali. Agosti hadi Oktoba ni muda mzuri kuliko yote, ingawa kuelekea Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa hupunguza uwezo wa kuona mbali. Mvua ikinyesha ghafla katika msimu wowote, inyeshe. Lakini radi ikisikika, kundi lishuke kutoka ukingoni mara moja.

Kufika kutoka Kyela

Barabara ni ya lami kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Uyole, inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Kutoka Katumba Songwe msafiri hufika kwanza barabara hiyo kwa bodaboda au gari dogo, kisha hupanda basi la Mbeya. Gari linapanda polepole: mashamba ya mpunga na kakao yanabaki nyuma, inakuja migomba na chai ya Tukuyu, kisha Kiwira, kisha Isyonje ambako barabara ya Kitulo inachepuka, na hatimaye mashamba ya viazi mviringo na pareto. Msafiri anashuka eneo la Isongole, penye kibao cha Ziwa Ngosi.

Kuna mtego mmoja wa majina. Katumba ya Rungwe, yenye kiwanda cha chai kandokando ya barabara, si Katumba Songwe ya Kyela. Anayepanga kukutana na wenzake "Katumba" ataje wilaya, la sivyo nusu ya kundi itasubiri milimani na nusu ziwani.

Kwenda na kurudi siku moja kutoka Kyela kunawezekana, lakini kunawezekana kwa kubana. Mpango bora kwa wanaoanza ni kulala Tukuyu. Mji huo uko kwenye mita 1,500 hivi, hivyo mwili unapata usiku mmoja wa kuzoea baridi, na asubuhi safari ya gari inayobaki ni fupi. Nyumba za kulala wageni za bei nafuu zipo.

Kupanda

Kutoka barabara kuu njia hupita kwanza mashambani kwa kilomita kadhaa, ikipanda taratibu. Sehemu hii inaweza kufanywa kwa bodaboda wakati wa kiangazi. Mguu wa mlima ndipo malipo ya kuingia hifadhini hufanyika. Raia wa Tanzania hulipa kiasi kidogo kuliko wageni. Kila malipo yadaiwe stakabadhi. Hapo pia ndipo pa kumpata mwongozaji wa kijijini. Njia inaonekana wazi, na wapo wanaopanda bila mwongozaji, lakini ndani ya msitu kuna vijia vya wakata mianzi na wafugaji wa nyuki vinavyompoteza mgeni wakati wa ukungu. Ujira ukubaliwe kabla ya kuanza, pamoja na jibu la swali moja: je, mwongozaji atabaki na aliye wa mwisho au atakwenda na walio mbele? Jibu sahihi ni la kwanza.

Kutoka mguu wa mlima hadi ukingoni ni mwendo wa saa moja hadi saa moja na nusu. Mwanzo ni kivuli cha msitu na udongo mweusi laini. Robo ya mwisho ni mteremko mkali wenye mizizi, ambapo mikono hutumika pia. Kosa la kawaida la vijana ni kuanza kwa mbio. Mwendo sahihi ni ule ambao mtu anaweza kuendelea kuzungumza bila kukata sentensi; akishindwa kuzungumza, apunguze. Kundi la wanafunzi liwe na mtu mzima mbele na mwingine nyuma, na mwendo uwe wa yule aliye mzito kuliko wote.

Anayeanza kutembea barabara kuu saa mbili asubuhi ajipangie saa tatu nzima hadi ukingoni, pamoja na mapumziko. Saa ya kugeuka ipangwe kabla ya kuondoka na isijadiliwe tena mlimani. Saa saba mchana ni kikomo cha kufaa: ambaye hajafika ukingoni saa hiyo anageuka alipo. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, lakini chini ya miti giza huingia mapema, na kushuka kwenye mizizi yenye unyevu ndiko kunakovunja vifundo vya miguu.

Kushuka hadi majini

Mwisho wa safari ya anayeanza ni ukingo, si maji. Jambo hili huwasumbua watu wa Kyela kuliko wengine, kwa sababu kwao kufika ziwani ni kutia miguu ndani. Kutoka ukingoni ziwa zima huonekana chini, na kijia cha kushuka kipo, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa.

Kijia hicho kinashuka karibu wima. Udongo ni majivu ya volkeno yaliyooza, ambayo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, na mshiko ni mizizi na matawi yaliyokwisha kushikwa na wengi. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda tena, na anayechoka huko chini hawezi kubebwa na watu wawili. Hakuna boti ya uokoaji wala mlinzi wa maji. Ziwa huingia kina ghafla hatua chache kutoka ukingo wa maji, na maji baridi humkaza misuli hata mwogeleaji hodari wa Ziwa Nyasa, aliyezoea maji ya uvuguvugu. Mkataza wa kimila wa kutooga Ngosi na ushauri wa usalama unafika mahali pamoja.

Wanaoshuka wawe watu wazima wenye uzoefu, siku kavu, na mwongozaji mwenye kamba, wakiwa wamefika ukingoni kabla ya saa tano asubuhi. Kundi la shule lisishuke kabisa. Mwalimu aliyesimama ukingoni na wanafunzi arobaini akakataa ombi lao hatapendwa siku hiyo, ila atarudi nao arobaini.

Gesi

Eneo la Rungwe hutoa gesi ya kaboni dioksidi kutoka ardhini, nyingi kiasi kwamba karibu na Kyejo huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Gesi hii haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo hasa alfajiri, wakati hakuna upepo. Watu wa Kongo ya mashariki huyaita mahali kama hayo mazuku. Ngosi nayo ina sehemu za namna hiyo. Ndege au wanyama wadogo waliokufa ndani ya shimo bila jeraha ni dalili ya kutosha. Asiingie mtu, hata kuokota kitu, hata kumfuata mbwa. Kwenye njia ya kawaida ya ukingoni, ambako upepo huvuma, hatari hii haipo.

Vitu vya kubeba

Sweta zito na koti la mvua ndivyo vya kwanza, hata asubuhi ikiwa na jua Kyela. Viatu viwe raba zenye meno au gambuti. Kandambili na viatu vya ngozi vya soli laini havifai. Maji yawe lita mbili kwa kila mtu, maana juu hakuna ya kunywa. Chakula chepesi chenye nguvu kinatosha: ndizi mbivu, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, vitumbua vya mchele wa nyumbani, na chupa ya chai ambayo ukingoni ina thamani kuliko soda kumi. Fimbo ya mkononi husaidia zaidi wakati wa kushuka. Tochi ibebwe hata kama mpango ni kurudi mchana. Kila ganda na kila mfuko urudi chini na aliyeupandisha.

Ziwa Masoko

Kwa wazee, watoto wadogo na wote ambao daktari hakuwaruhusu kupanda, lipo Ziwa Masoko, pia Kisiba, kusini-mashariki mwa Tukuyu upande wa kurudi Kyela. Nalo ni la kasoko, lakini liko kwenye mita 840 hivi tu, na gari hufika karibu kabisa. Lina upana wa mita 700 hivi na kina cha zaidi ya mita 35. Wajerumani walikuwa na boma hapo, na majeshi ya Uingereza yaliposonga mbele kutoka Nyasaland mnamo Mei 1916, inasimuliwa kwamba silaha na fedha zilitupwa ziwani wakati wa kurudi nyuma. Sarafu za zamani zimeokotwa kando ya maji.

Masoko linajulikana pia kwa wanabiolojia. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti ulioonyesha kwamba samaki wa aina moja ndani ya ziwa hili dogo wanagawanyika kuwa makundi mawili, moja la njano linalokaa kando na jingine la buluu linalokaa vilindini, na tofauti zao tayari zinaonekana katika vinasaba. Kundi linalolala Tukuyu linaweza kupanda Ngosi siku ya kwanza na kupitia Masoko siku ya pili, kwa barabara ya Ipinda, likashuka hadi Kyela kabla ya jioni.